Mcheza Kwao Hutunzwa: Utani wa Mashabiki katika Kombe la Ryder

Wahenga walinena kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani. Bila shaka waliponena hivyo walikuwa wakimtazama mchezaji. Kuhusu shabiki hawakutamka neno, na huenda walinyamaza makusudi, maana shabiki hupiga kelele bila kupiga mpira, na aghalabu yeye ndiye wa mwisho kukubali kwamba mambo yamekwisha.

Mnamo Septemba 2016, katika uwanja wa Hazeltine jimboni Minnesota, wachezaji wa gofu wa Ulaya walikuwa wakifanya mazoezi siku moja kabla ya Kombe la Ryder kuanza. Rory McIlroy na Andy Sullivan walikuwa wakijaribu kuutumbukiza mpira shimoni kutoka umbali wa futi 12 hivi, na kila wakiusukuma, mpira unakataa. Nyuma ya kamba, Mmarekani mmoja miongoni mwa watazamaji akapaza sauti kwamba yeye angeweza. Henrik Stenson wa Uswidi akamwita aingie uwanjani athibitishe. Justin Rose, Mwingereza, akatoa noti ya dola 100 akailaza kwenye nyasi kando ya mpira. Mtu yule akashika gongo, akausukuma mpira, nao ukaenda moja kwa moja hadi shimoni. Uwanja ukalipuka kwa vifijo, na waliomkumbatia kwanza ni wale wale aliokuwa akiwacheka dakika moja iliyotangulia.

Msomaji aliyezoea kuwatia Waulaya na Wamarekani katika kapu moja la neno Wazungu huenda akastaajabu kusikia kwamba watu hawa wana la kuchekana. Wanalo, tena si haba. Mmarekani humwona Mwulaya kuwa mtu wa maringo aliyebaki na historia tu. Mwulaya naye humwona Mmarekani kuwa mtu wa makelele asiyejua kunong'ona hata msibani. Kila baada ya miaka miwili, kwa siku tatu, dhana hizi hutolewa kabatini, zikapanguswa vumbi na kuvalishwa kofia za bendera.

Lugha ya Kiswahili ina neno linalolitosheleza jambo hili kuliko lugha nyingi. Waandishi wa michezo wa Tanzania hawaziiti Simba na Yanga mahasimu pekee. Huziita watani wa jadi. Mechi ya Gor Mahia na AFC Leopards huku Kenya hujulikana kama ya mashemeji. Mtani hutukana kwa ruhusa. Anayajua madonda yako na ana kibali cha kuyagusa, ila hana kibali cha kuyatonesha hadi yatoke damu. Aidha, katika utani wa makabila, mtani ana wajibu wake mahali pa msiba: huja, husaidia kazi, na hata hutoa mzaha mbele ya maiti bila ya mtu kukasirika. Kipimo hiki ndicho kinachofaa kutumiwa kuwapima mashabiki wa gofu wa pande mbili za Atlantiki.

Kombe lenyewe lilitolewa na Samuel Ryder, mfanyabiashara Mwingereza wa mji wa St Albans aliyetajirika kwa kuuza mbegu katika vipakiti vya senti moja moja. Mashindano rasmi ya kwanza yalichezwa mwaka wa 1927 huko Worcester, Massachusetts, na Wamarekani wakawashinda Waingereza kwa pointi 9½ kwa 2½. Kwa miongo mingi baada ya hapo utani ulikuwa wa upande mmoja, kwani Waingereza walilitwaa kombe mara tatu tu kabla ya miaka ya themanini: 1929, 1933 na 1957. Mtu anayeshinda kila mara hana haja ya kumtania mwenziwe. Humwonea huruma, na huruma huuma kuliko kijembe. Ndipo mwaka wa 1979 mlango ukafunguliwa kwa wachezaji wa bara zima la Ulaya, akaingia Mhispania Seve Ballesteros, na kufikia mwaka wa 1985, katika uwanja wa The Belfry nchini Uingereza, mizani ikapinduka. Tangu hapo Wamarekani wamekuwa na mtu wa kutaniana naye kwelikweli.

Ajabu ya mambo haya ni kwamba gofu ni mchezo wa kimya. Wiki nyingine zote za mwaka mtazamaji hutakiwa azuie hata kikohozi mchezaji anapojiandaa kupiga. Kombe la Ryder huivunja desturi hiyo. Mjini Paris, mwaka wa 2018, jukwaa la pale pa kuanzia lilichukua watu wapatao 7,000, nao walikuwa wakiimba alfajiri kabla jua halijapanda. Huko Medinah, karibu na Chicago, mwaka wa 2012, Bubba Watson aliwaomba mashabiki wasinyamaze hata anapoinua gongo. Naye Ian Poulter wa Ulaya, kwa kutotaka kuonekana amezidiwa, akawaomba mashabiki wake jambo hilo hilo. Ni malumbano kamili: mmoja hutoa, mwingine hujibu kwa bahari ile ile. Katika sanaa hii Waulaya wamewapita wenzao, na Mmarekani mwadilifu hatakataa. Wao huchukua nyimbo zinazojulikana na watu, wakapachika majina ya wachezaji na vijembe vya siku ile. Wamarekani hulitaja jina la nchi yao kwa herufi tatu, kisha hulirudia. Mhakiki wa fasihi simulizi akiulizwa ni upande gani wenye ubunifu, hatahitaji muda wa kufikiri.

Mashabiki hao wa Ulaya nao ni kiroja cha aina yake. Wiki moja kabla, Mwingereza na Mjerumani hawakubaliani hata juu ya mpira wa miguu. Pale uwanjani huvaa buluu moja na kupeperusha bendera ya nyota kumi na mbili. Wananchi wa Uingereza walipiga kura ya kujitoa katika Umoja wa Ulaya mwezi wa Juni 2016. Mwezi wa Septemba mwaka huo huo Waingereza walikuwa Minnesota wakiwa wamejifunga bendera ile ile mabegani. Viktor Hovland, ambaye nchi yake ya Norwei haimo katika umoja huo, huichezea vilevile. Huenda Ulaya ya Kombe la Ryder ndiyo Ulaya pekee iliyowahi kukubaliana bila kikao.

Historia ya kombe hili ina kitendo kimoja ambacho kila anayelizungumzia hulazimika kukitaja. Mwaka wa 1969, katika uwanja wa Royal Birkdale, pande mbili zilikuwa sawa na ilibaki mechi moja. Mwingereza Tony Jacklin alibakiwa na futi chache kufika shimoni. Akikosa, Marekani inashinda. Mpinzani wake, Jack Nicklaus, hakumwacha ausukume mpira ule. Alimpa. Matokeo yakawa 16 kwa 16, na Sam Snead, nahodha wa Wamarekani, hakupendezwa hata kidogo. Katika mfumo huu wa mchezo sheria inakuruhusu kumwachia mwenzio mpira wa mwisho bila kuupiga. Kinachobaki ni moyo wako.

Ama kwa hakika moyo huo haukuonekana kila mara. Mwaka wa 1991, huko Kiawah Island, miezi michache baada ya vita vya Ghuba, baadhi ya wachezaji wa Marekani walivaa kofia za kijeshi, na mashindano yakapachikwa jina la vita vya ufuoni. Mwaka wa 1999, huko Brookline, Colin Montgomerie wa Uskoti alitukanwa kutwa nzima hata babake akaondoka uwanjani. Siku hiyo hiyo Justin Leonard aliingiza mpira kutoka futi 45, na wachezaji wenziwe pamoja na wake zao wakakimbia kushangilia juu ya nyasi ambazo José María Olazábal alikuwa bado hajazipitishia mpira wake. Olazábal akasubiri, akapiga, akakosa. Marekani ikashinda kwa pointi 14½ kwa 13½. Hata hivyo, jioni ile ile, Payne Stewart, aliyekuwa akicheza dhidi ya Montgomerie na aliyekuwa amejaribu kuwanyamazisha watu wa kwao, alimwachia Mskoti huyo shimo la mwisho na kukubali kushindwa mechi yake. Mwezi uliofuata Stewart alifariki katika ajali ya ndege. Waulaya waliokuwa na kinyongo cha Brookline hawajawahi kumhesabu miongoni mwa waliowaudhi.

Kisha ukaja msiba wa mwaka wa 2006. Mke wa Darren Clarke, mchezaji wa Ayalandi ya Kaskazini, alifariki kwa saratani mwezi wa Agosti. Wiki sita hivi baadaye Clarke alisimama pa kuanzia katika uwanja wa K Club, nchini Ayalandi, na umati ukamshangilia kwa muda mrefu kiasi kwamba ilikuwa ajabu aliweza kuuona mpira. Wapinzani wake Wamarekani walimkumbatia kabla ya kupiga pigo lolote, na wakamkumbatia tena mambo yalipokwisha. Clarke alishinda mechi zake zote tatu, na Ulaya ikawalaza Wamarekani kwa 18½ kwa 9½. Kama kuna siku ambayo watu hawa walistahili kuitwa watani kwa maana kamili ya Kiswahili, ni siku zile tatu. Walikuja msibani, wakafanya kazi yao.

Mzaha mzaha hutumbuka usaha, nalo jipu lilitumbuka mwaka ule ule wa 2016 wa yule mtu wa dola 100. Danny Willett, Mwingereza aliyekuwa bingwa wa Masters, alikuwa na ndugu mwenye kalamu kali. Ndugu huyo aliandika makala ya dhihaka kuwahusu mashabiki wa Marekani, akawakejeli miili yao, tabia zao na elimu yao. Alidai ni utani. Willett aliomba radhi, lakini alizomewa kila alipopita na akapoteza mechi zake zote tatu. Kosa la mwandishi yule halikuwa ukali wa maneno, kwani yamewahi kusemwa makali zaidi. Kosa lake ni kwamba aliyasema akiwa mbali, mahali ambapo aliotukana hawakuweza kumjibu. Utani hauna barua. Huhitaji ana kwa ana. Yule wa nyuma ya kamba alitania akaitwa mbele, akapewa gongo na kutakiwa athibitishe. Siku ya Jumapili McIlroy na Patrick Reed walitaniana kwa mikono na vidole mbele ya maelfu, mmoja akitia mpira kutoka mbali na kujifanya hasikii, mwingine akimjibu papo hapo kwa mpira wake na kumtikisia kidole. Waliondoka kwenye shimo lile wakicheka. Reed ndiye aliyeshinda.

Mjini Roma, mwaka wa 2023, chanzo cha utani kilikuwa kofia. Patrick Cantlay wa Marekani alicheza kichwa wazi, uvumi ukaenea kwamba anagoma kwa kuwa wachezaji hawalipwi, naye akasema kofia haikumtosha. Waulaya hawakungoja ithibati. Maelfu walivua kofia zao na kuzipunga kila alipokaribia shimo. Hiki kilikuwa kijembe safi: hakina tusi, hakimgusi mzazi wala mke, na kila aliyekiona alikielewa. Cantlay alikijibu kama inavyotakikana, kwa kuingiza mpira muhimu kwenye shimo la mwisho la Jumamosi. Hapo wenziwe wakavua kofia zao wakazipunga pia.

Miaka miwili baadaye kombe lilikuwa Bethpage, New York, na jambo jingine likatokea. Mcheza kwao hutunzwa, lakini si kwa kumtukana mgeni. McIlroy alitukanwa tangu asubuhi hadi jioni, yeye na familia yake, polisi wakaongezwa, mchekeshaji aliyepewa kipaza sauti ili achangamshe umati akaongoza tusi badala ya wimbo, na akalazimika kuacha kazi hiyo. Kikombe cha kinywaji kilirushwa kikamfikia mkewe McIlroy. Kuna waliosema kwamba ndivyo New York ilivyo, na kwamba mgeni asiyeweza kustahimili abaki kwao. Hoja hiyo ni dhaifu. Mtani hujulikana kwa kitu kimoja, kwamba unapoumia kweli yeye hunyamaza. Wale hawakunyamaza hata McIlroy alipogeuka na kuwajibu kwa maneno ambayo jarida hili halitayachapisha. Baada ya kuwajibu aliupiga mpira ukatua karibu na shimo, na hilo lilikuwa jibu bora kuliko lile la kwanza.

Inafaa kukiri, kwa haki, kwamba wengi wa waliokuwa Bethpage hawakutukana. Jumapili ile, timu yao ikiwa nyuma kwa pointi 11½ kwa 4½, Wamarekani waliokuwa wamekata tamaa walirudi kuimba kwa sababu iliyo halali: timu yao ilianza kushinda mechi baada ya mechi. Kwa saa kadhaa kelele zilikuwa za gofu tu. Ulaya ilitetereka. Hatimaye Shane Lowry, aliyekuwa ametembea bega kwa bega na McIlroy siku ya matusi, aliingiza mpira kwenye shimo la 18 dhidi ya Russell Henley na kupata nusu pointi iliyohakikisha kombe linabaki Ulaya. Alirukaruka kama mtoto. Hesabu ya mwisho ilikuwa 15 kwa 13. Kundi dogo la waliovuka bahari wakiwa wamevaa buluu na njano liliimba hadi giza likaingia.

Lowry ni Mwayalandi. Septemba 2027, miaka 100 baada ya Worcester, kombe litachezewa Adare Manor, nchini kwake. Zamu ya kuwa wageni itakuwa ya Wamarekani, nao watasimama pa kuanzia wakisikiliza nyimbo zitakazokuwa zimetungwa kwa ajili yao.