Tulichagua kwa Macho, Mkono Ukalipa

Mwezi huu sitaki kukuhubiria kuhusu mawasiliano katika ndoa. Nataka kukusimulia jinsi magurudumu manane madogo yalivyokaribia kuninyima amani ndani ya nyumba yangu mwenyewe.

Mimi na Baba Nadia tuna miaka saba ya ndoa. Kama wewe ni mkazi wa Dar, ratiba yetu unaijua hata kabla sijaitaja: kuamka saa kumi na moja alfajiri, foleni, kazi, foleni, kuoga, kulala. Ikifika Jumapili, yeye na mpira kwenye TV, mimi na simu yangu kwenye kochi la pili. Hatukuwa tumegombana. Tulikuwa tumezoeana tu, na mazoea nayo yana kutu yake.

Siku moja akarudi kutoka Kariakoo na maboksi mawili. "Mama Nadia, Jumapili hii tunatoka." Kufungua, viatu vya matairi! Nilicheka mpaka machozi. Mwanamke wa miaka thelathini na nne, mhariri mzima, nianze kuteleza barabarani kama mtoto wa shule? Lakini nilipoviona vizuri nikanyamaza. Buti nyeupe, kamba za pinki, magurudumu yanang'aa kama pipi. Nikavijaribu pale pale sebuleni kwenye vigae, vikateleza kama siagi kwenye kikaango cha moto. Nikajisemea, mume wangu anajua kuchagua.

Kumbe kosa lilianzia pale pale, kwenye vigae.

Kokoto moja tu

Jumapili jioni tulikuwa kwenye maegesho ya jengo moja la ofisi Mikocheni. Wikiendi huwa matupu, na vijana huenda kuteleza. Viatu vya Baba Nadia vilikuwa vya mstari mmoja, magurudumu manne makubwa yanayofuatana. Utotoni kwao Tanga aliendesha sana vile vigari vya mbao vyenye beringi, kwa hiyo mwili wake ulikumbuka haraka. Dakika kumi tu, jamaa akapaa.

Vyangu vilikuwa vya mawili mbele, mawili nyuma. Lami ya pale ni ya zamani, imechubuka. Kila nilipojisukuma, mtetemo ulipanda kutoka kwenye nyayo mpaka menoni. Nikajipa moyo kwamba ndivyo kunavyokuwa. Nikamwita anisubiri. Alikuwa mbali, hakusikia. Nikaongeza mwendo.

Ilikuwa kokoto ndogo, haizidi punje ya hindi. Gurudumu likagoma, mwili ukaendelea na safari. Nikatanguliza mkono wa kulia.

Mfupa ulivunjika karibu na kifundo cha mkono. Nikafungwa hogo, wiki sita.

Basi, nyumba ikaingia baridi. Yeye: "Hukukunja magoti." Mimi: "Wewe uliniletea midoli." Ikafika mahali tunaongea kupitia kwa mtoto. "Nadia, mwambie baba chakula kiko mezani." Mama mkwe, aliyekuja kunisaidia kazi za ndani, alituangalia, akatikisa kichwa na kuendelea kuchambua mchele.

Na mimi nilikuwa na siri. Ndani ya boksi langu kulikuwa na vikinga vya mkono, vile vyenye bamba gumu la plastiki la kushika kifundo. Siku ile nilivivaa. Halafu nikavivua ili nipige picha, nikaona vinaharibu mwonekano, nikaviacha kwenye gari. Sikumwambia mtu. Nilimwacha mwenzangu abebe lawama zote peke yake.

Kucha ya mwalimu

Wiki ya tatu Baba Nadia akasema anavirudisha viatu vyangu pale maegesho, labda yule kijana anayefundisha watoto atampata mnunuzi. Nikaenda naye, kwa sababu tu nilichoka kukaa ndani.

Kijana akakipokea kiatu, akalibonyeza gurudumu kwa ukucha, akacheka kwa upole. "Pole sana dada. Kiatu hakina tatizo. Haya matairi ni ya ukumbini, ninyi mmeyaleta barabarani."

Akatuonyesha maandishi madogo ubavuni, ambayo hakuna kati yetu aliyewahi kuyasoma: 57 mm, 98A. Namba ya kwanza ni kipenyo. Ya pili ni ugumu, na kipimo chake kinaitwa durometa. Kadiri namba inavyoikaribia 100, ndivyo gurudumu linavyozidi kuwa gumu. La 78A au 80A ni laini, hilo ndilo la barabarani. Kuanzia 90A na kitu kwenda juu ni la sakafu nyororo: mbao, vigae, sementi iliyosuguliwa vizuri.

Sababu yake ni rahisi kabisa. Gurudumu laini likikutana na kokoto linabonyea kidogo, linaimeza na kupita, na linaishika lami. Gumu halibonyei, kwa hiyo kila kidonda cha barabara unakisikia mwilini, na kokoto inaweza kulisimamisha ghafla. Na ukubwa nao una kazi yake. Kokoto ambayo gurudumu kubwa linaipanda, kwa dogo ni ukuta. Ndiyo maana Baba Nadia alipita juu ya lami ile ile akiwa anapiga mluzi.

Lakini usikimbilie kusema laini na kubwa ndiyo bora siku zote. Ukilipeleka gurudumu laini ukumbini linakuwa zito, utajisukuma mpaka jasho likutoke. Na kubwa likishachanganya lina kasi, tena linakuinua juu zaidi kutoka ardhini, mtu mgeni anayumba. Kwa hiyo swali la kwanza la kujiuliza ni hili: nitateleza wapi?

Jioni ile nilisoma sana, maana mkono mmoja unatosha kushika simu. Nikakutana na kisa cha John Joseph Merlin, mvumbuzi wa karne ya 18 aliyezaliwa Huy, Ubelgiji ya leo, akahamia London. Inasimuliwa kwamba aliingia kwenye sherehe ya wakubwa akiteleza kwa viatu vyake vya magurudumu huku anapiga fidla. Hakuwa na breki wala namna ya kukata kona, akaishia ndani ya kioo kikubwa cha bei mbaya. Mwaka 1863 James Plimpton wa New York akapata hakimiliki ya viatu vya magurudumu manne vinavyokata kona ukiegemea upande. Na magurudumu yenyewe yaliendelea kuwa ya mbao, chuma au udongo mgumu kwa muda mrefu, mpaka miaka ya 1970 yalipoenea yale ya poliyurethani, ambayo kiwanda kinaweza kuyatengeneza laini au magumu kinavyotaka. Nikapata faraja kidogo. Angalau mimi sikuvunja kioo cha mtu.

Spana namba 13

Hatukuuza viatu. Tulinunua magurudumu manane tu, 62 mm, 78A. Jumamosi usiku, Nadia amelala, tukatandika gazeti kwenye meza ya chakula. Yeye na spana namba 13, mimi na mkono wangu wa kushoto nikimpa nati na kumpokea beringi. Kila gurudumu lina beringi mbili, jumla kumi na sita, na lazima tundu lake lilingane na ekseli yako, kwa sababu ziko za milimita 7 na za milimita 8. Nati haikazwi mpaka mwisho. Gurudumu linatakiwa lizunguke lenyewe ukiligusa, ila lisicheze sana.

Tulipofika gurudumu la sita akasimama. "Mke wangu, mimi nilichagua kwa macho. Duka zima niliangalia rangi tu. Nisamehe."

Ningeweza kupokea ule msamaha na kuuweka mfukoni. Karibu nifanye hivyo. Nikamwambia kuhusu vikinga.

Akaiweka spana mezani. Nikajua sasa ndiyo tunagombana kweli. Akakaa kimya, halafu akasema taratibu, "Wiki tatu, Mama Nadia. Wiki tatu kila nikilala nausikia ule mlio."

Sikuwa na la kujibu. Nilimwangalia, nikaona kwamba nilihesabu maumivu ya mkono wangu tu, ya kwake sikuwahi kuyauliza. Baadaye akanyoosha mkono. "Lete nati." Nikampa. Tukamaliza mawili yaliyobaki.

Kabla hujatoa pesa

Kama na ninyi mnataka kujaribu, chukueni haya kwa dada yenu aliyelipa ada:

- *Nenda ukaikague sehemu yenyewe kwanza.* Lami ya kawaida, chagua 78A hadi 82A. Ukumbi wenye sakafu nyororo, 90A na kuendelea. Kama mtateleza kote kote, ya katikati, kama 85A, yanavumilika, ila hayatakuwa bingwa popote.
- *Soma ubavuni.* Muuzaji akisema "yote ni sawa tu dada", mshukuru, uende duka la pili.
- *Jaribu kwa ukucha.* Magurudumu ya viatu vingi vya bei rahisi ni plastiki tupu. Ukiligonga mezani linalia kama kifuniko cha ndoo. Hayashiki chini.
- *Taa si sifa.* Mengi ya yale yanayowaka hayahitaji hata betri, sumaku iliyo katikati inatengeneza umeme likizunguka. Yanapendeza, lakini taa haikuambii kitu kuhusu ugumu.
- *Viatu vya watoto vyenye gurudumu kisiginoni*, mtindo ulioletwa na Heelys ya Marekani mwaka 2000, ni habari nyingine. Mtoto anatembea kawaida, akitaka kuteleza ananyanyua vidole na kuegemea kisigino. Hivyo ni vya sehemu nyororo tu. Nunua aina ambayo gurudumu linachomoka, akienda shule unaliacha nyumbani.
- *Mvua ikinyesha, ahirisha.* Hata gurudumu laini huteleza kwenye maji, na beringi zinashika kutu.
- *Vikinga na helmeti vinavaliwa mpaka mwisho.* Picha mpige navyo. Mimi ninayo picha nzuri sana bila vikinga, na siwezi kuiangalia.

Hogo lilipotoka, nikafanya mazoezi ya mkono na daktari akaniruhusu. Tukarudi pale pale, lami ile ile. Safari hii mtetemo uliishia kwenye kifundo cha mguu. Nilipita juu ya kokoto mbili tatu, moyo ukiwa mkononi, na hakuna kilichotokea.

Baba Nadia hakubadilisha magurudumu yake, bado ni makubwa na bado yana kasi kuliko yangu. Ila siku hizi akifika kwenye kona anasimama, anageuka, ananisubiri. Na mimi nikiona ameenda mbali siongezi mwendo tena kumkimbiza. Nampigia mbinja.

Tuonane mwezi ujao, panapo majaaliwa.