Ndege Isiyohitaji Uwanja

Watu wa Wote hawaniulizi ndege yangu inarukaje. Wananiuliza inabeba nini. Jamaa wa boda ameniuliza, mama wa maembe pale stendi ameniuliza akinihesabia chenji, na fundi wa redio anayeniazima kifaa chake cha kuchomelea nyaya huniuliza kila nikienda. Ni swali la haki. Huku Makueni punda hubeba maji, na pikipiki hubeba magunia ya maembe na mwenye maembe juu yake. Kitu kisichobeba chochote ni mchezo wa watoto, na mimi nina miaka 25.

Huwa nawajibu, "Inajibeba." Wanacheka. Lakini kujibeba ni kazi, si unajua. Waulize watu wa rika langu waliorudi nyumbani na begi moja na barua pepe kumi za "tutakupigia."

Ninachotengeneza ni ndege ndogo za rimoti, kwa zile bodi nyeupe za povu ambazo wanafunzi hubandikia projekti. Kuna watu hupenda ndege za kivita, zile za kupita kama risasi. Mimi napenda ndege za porini: bawa limekaa juu ya mwili, pua inaangalia juu, matairi manene mbele na kigurudumu kidogo chini ya mkia. Ikisimama inafanana na mbuzi anayepima ukuta kabla ya kuupanda.

Nyanya yao ni Super Cub, ambayo kampuni ya Piper ya Marekani ilianza kuiuza mwaka 1949. Ina viti viwili, kimoja nyuma ya kingine, na bawa la zaidi ya mita 10 kutoka ncha hadi ncha. Haina haraka, na ndiyo maana ilipendwa huku kwetu. Tsavo imepakana na kaunti yetu, na wakuu wa hifadhi wa zamani kama Bill Woodley waliirusha Super Cub wenyewe, wakitafuta wawindaji haramu na kufuata ndovu kutoka juu. Hadi leo utaziona ndege za aina hiyo Tsavo, zikienda polepole kama mtu anayetafuta shilingi iliyoanguka kwenye nyasi.

Wazo hilo hilo ndilo lililozaa madaktari wa ndege. Mwaka 1957, daktari wa upasuaji Michael Wood na wenzake wawili, Archibald McIndoe na Tom Rees, walianzisha huduma ambayo leo tunaiita Amref. Hospitali ilikuwa mbali na barabara ilikuwa hadithi, lakini karibu kila mahali pana kipande cha ardhi kilichonyooka kidogo. Alaska nako marubani hutua kwenye changarawe za kando ya mito, na kila mwezi Mei hukutana mji wa Valdez kushindana nani ataruka na kutua kwenye umbali mfupi zaidi. Hakuna anayeuliza nani ana kasi.

Hapo ndipo niliposhikwa. Ndege nyingi zimeundwa zikidhani kwamba uwanja upo. Hii imeundwa ikijua haupo.

Sasa tuingie jikoni. Ramani nilizipata bure kwa watu wa Flite Test, jamaa wa Ohio walioamua kwamba mtoto yeyote mwenye bodi na gundi anaweza kujenga ndege. Unapakua, unachapisha kwenye karatasi za A4 pale cyber, unaziunga kwa selotepu, unaweka juu ya bodi na kukata kwa wembe. Kiunzi cha ndani ni vijiti vya mishikaki. Bawa linashikwa kwa raba bendi ili likigonga lichomoke badala ya kuvunjika. Matairi nakata kutoka kwa pata pata kuukuu. Mpira wa ndala una ulaini unaofaa kabisa, na Wote haina upungufu wa ndala za mguu mmoja.

Vya umeme vinatoka Nairobi, maduka ya Luthuli na River Road. Mota na kidhibiti chake cha kasi, shilingi 2,000. Servo nne, zile mota ndogo za gramu 9 zinazosukuma mkia na vibao vya bawa, 1,200. Betri ya lithiamu na chaja, 4,500. Rimoti ya FlySky, 7,500, na hiyo nilinunua kwa malipo ya makala matatu. Ukishavipata vya umeme vinahama kutoka ndege moja hadi nyingine. Mwili mpya wa povu haufiki shilingi 1,000, kwa hivyo kisulisuli cha vumbi kilipoinyakua ndege yangu ya kwanza saa saba mchana na kuibwaga kwenye mwiba wa mgunga, nilichozika ni shilingi mia tisa hivi.

Bawa langu lina ngazi. Bodi moja chini, nyingine juu yake inayofika nusu tu, basi. Mtindo huo ulitokana na ndege ya karatasi. Richard Kline, mchoraji wa matangazo ya biashara, aliichezea miaka ya 1960, akashirikiana na Floyd Fogleman, na mwaka 1972 wakapata hataza. Wataalamu walipolipima bawa hilo hawakusisimka. Kwa ndege kubwa halina faida. Kwa povu linatosha sana. Ni gumu, ni jepesi, na halihitaji mashine yoyote kulipinda.

Ndege ninayorusha sasa ina bawa la sentimita 120 kwa 20 na uzito wa gramu 870. Nguvu ya kuinua inategemea vitu vichache: uzito wa hewa, ukubwa wa bawa, jinsi bawa linavyoikabili hewa, na kasi ikizidishwa kwa kasi. Hilo la mwisho ndilo lenye makali. Ukipunguza kasi kwa nusu, nguvu ya kuinua haipungui nusu, inabaki robo. Kwa hivyo anayetaka kwenda polepole lazima awe na bawa kubwa au mzigo mdogo. Na Wote iko zaidi ya mita 1,000 juu ya bahari, joto la mchana likiongezea. Hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi. Nikipiga hesabu, yangu inaanguka ikishuka chini ya kilomita 28 hivi kwa saa. Hiyo ni kasi ya baiskeli kwenye mteremko. Ukiielekeza kwa upepo wa asubuhi, inatua kwa mwendo wa mtu anayekimbilia matatu.

Uwanja wetu ni Kaiti. Kiangazi mto unakuwa barabara ya mchanga, na chini ya mchanga ndiko maji yamejificha. Mchanga huu karibu uishe kwa malori yaliyokuwa yakiupeleka kujenga mijini, hadi kaunti ikatunga sheria ya kuuhifadhi mwaka 2015. Watu waliupigania kwa ajili ya maji, sio kwa ajili yangu, lakini nashukuru. Mchanga laini humeza gurudumu dogo na kuipindua ndege kichwa chini. Lile nene la ndala linaelea juu yake. Tunaruka chini, tukiiona ndege muda wote, mbali na watu na mifugo. Nawe ukitaka kuanza, soma kwanza kanuni za ndege zisizo na rubani ambazo Kenya ilitoa mwaka 2020, na umwambie jirani mapema, kabla hajakuita jasusi.

Nimesema "tunaruka" kwa sababu kuna dogo. Ana miaka 16, yuko kidato cha pili, tunamwita Rubani. Alianza kwa kuokota vipande, akaja kushika rimoti, na sasa mikono yake ni mizuri kuliko yangu. Hiyo haishangazi, ukoo wetu ni wa mikono. Wamunyu, si mbali na hapa, Mutisya Munge alirudi kutoka Tanganyika baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia akiwa amejifunza kuchonga vinyago, na kutoka kwake Wakamba wengi wakapata kazi ya kulisha familia. Hakuwa na cheti cha kuchonga. Nilipenda sana kumsimulia Rubani habari hiyo.

Mwezi wa nane, shule zikiwa zimefunga, mama yake alikuja kwetu jioni. Alisimama mlangoni na leso yake, akakataa kiti.

"Kijana wangu, sikuja kugombana."

"Karibu, mama."

"Huyu mtoto anasema harudi shule. Ati wewe uliacha chuo kikuu na uko sawa. Sasa nikuulize wewe mwenyewe. Hiyo ndege inakulisha?"

"Hapana, mama. Kuandika ndiko kunanilisha, na si kila mwezi."

"Basi mwambie hivyo. Kwa mdomo wako. Wangu ameuchoka."

Mama yangu alikuwa jikoni na nilijua amesikia kila neno, kwa sababu sufuria zilinyamaza.

Nilielewa dogo alikotoa wazo hilo. Kwenye simu yake, kuacha chuo ni hadithi ya mashujaa. Bill Gates aliondoka Harvard mwaka 1975, Mark Zuckerberg akaondoka huko huko mwaka 2004. Lakini hao waliondoka na kampuni mkononi. Ndege yao ilikuwa tayari hewani, uwanja wa nini? Mimi nilitoka mwaka wa pili kwa sababu ya karo. Nilikwenda kufanya mtihani na jina langu halikuwa kwenye orodha iliyobandikwa mlangoni. Nilisoma orodha mara tatu, nikapanda matatu ya kurudi Wote. Sikumpinga mtu yeyote, na hakukuwa na mpango wowote. Rubani hakuwahi kuniuliza, alijijazia mwenyewe.

Kesho yake asubuhi nilienda Kaiti na vitu viwili, ndege na kitabu changu cha fizikia cha kidato cha pili, ambacho jalada lake lilishatoka. Fizikia ndiyo aliyopanga kuiacha kwanza. Nilimwambia habari ya orodha ile, yote. Alitazama mchanga kwa muda mrefu, halafu akauliza kitu ambacho watu wazima hawajawahi kuniuliza.

"Kwa hivyo ungekuwa na pesa ungerudi?"

"Kesho asubuhi."

"Na ndege?"

"Ningeenda nayo."

Tukafungua kitabu. Kuna sura ya nguvu inayozungusha kitu kwenye egemeo: hiyo ndiyo kazi ya mkia. Kuna sura ya kitovu cha uzito: ndiyo maana tunaiinua ndege kwa vidole viwili chini ya bawa, sentimita 5 hadi 6 kutoka ukingo wa mbele, kuona kama imelala sawa. Nzito mbele huruka vibaya, nzito nyuma huruka mara moja tu. Na kuna sura ya mwendo wa maji na hewa, na Bernoulli wake. Sura tatu ambazo mwalimu wake alikuwa amezimaliza ubaoni, na yeye akazinakili bila kujua zinahusu kitu alichokishika kila Jumamosi.

"Mbona hawakusema?" akauliza, kama mtu aliyeibiwa.

Sikuwa na jibu zuri. Mwalimu ana wanafunzi sitini na mtihani mbele yake. Nilimwambia tu kwamba YouTube ilinionyesha pa kukata, lakini kwa nini nikate pale nilijua kutoka darasani, na darasa lile nilitolewa nikiwa bado nalitaka. Mutisya Munge naye alikuwa na walimu, walichonga tu badala ya kuandika ubaoni. Anayejenga ndege ya mahali pasipo na uwanja hafanyi hivyo kwa kuchukia viwanja. Akipewa kimoja, atatua.

Sitakuambia kwamba machozi yalitoka. Aliniomba kitabu, akaninyang'anya rimoti, akaipandisha ndege. Akairudisha dhidi ya upepo, pua juu, mota ikinong'ona tu, ikagusa mchanga na kusimama. Alipima alama za matairi kwa hatua zake: saba. Akaandika 7 kwenye jalada la ndani la kitabu, na tarehe.

Shule zilipokaribia kufunguliwa alinirudishia betri. Alikuwa ameishusha chaji hadi volti 3.8 kwa kila seli, kiwango cha kuhifadhia, ili isiharibike ikikaa. Kitabu hakukirudisha. Aliniambia nisiiguse ndege hadi afunge.

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo, braza. Upepo wa mwezi wa tisa huuwezi."