Kisanduku cha Mlimani: Tafuta, Usichimbe



Sisi wa inchi ya madini tunajua vizuri kazi ya kutafuta kitu kilichofichwa. Babu zetu walitafuta shaba, baba zetu walishuka mu mashimo ya kampuni, na leo vijana wengi wanatoka asubuhi na mapema, kitiyo mu mkono na mfuko begani, wengine bila kumuaga mama. Kwetu kutafuta ni kuchimba. Mwezi huu ninataka kukupeleka mu safari ya kutafuta kwa namna ingine. Kuna kitu kilichofichwa, kuna furaha ya kukipata, lakini kuchimba kumekatazwa. Vaa viatu vya kufunga, twende.

MCHEZO ULITOKA WAPI?

Mchezo wenyewe unaitwa jiokashingi. Sisi tuliuita tu «mchezo wa kisanduku». Huko juu angani Marekani iliweka satelite zinazoonyesha mtu mahali alipo duniani. Ndiyo ile GPS iliyo mu telefone nyingi. Zamani serikali ya Marekani ilivuruga kwa makusudi alama walizopokea raia, na mtu aliweza kukosea mita 100 hivi. Tarehe 2 Mei 2000 uvurugaji ule ukasimamishwa. Kesho yake, tarehe 3 Mei, mtu mmoja jina lake Dave Ulmer, wa jimbo la Oregon, alibeba ndoo ya plastiki mpaka mu pori karibu na mji wa Portland. Alitia ndani vitabu, kanda za video, feza kidogo, manati na kopo moja ya maharagwe. Kisha akatangaza kwa njia ya intaneti namba za mahali pale. Mbele juma halijaisha, watu walikwisha kuifikia. Leo visanduku vya namna ile vinapita milioni 3 duniani.

Sheria zake si nyingi. Ndani ya kisanduku kuko daftari: ukifika, unaandika jina lako na tarehe. Ukitwaa kitu kimoja, unaacha kingine cha bei ileile ao cha kupita. Chakula hakitiwi tena, juu nyama wa pori wanasikia harufu na kuvunja kisanduku. Na sheria iliyonifurahisha kuliko zote ni hii: ndoo ya kwanza ilikuwa imezikwa nusu mu udongo, lakini kisha wachezaji walikatazana kuchimba. Kisanduku kinalala chini ya jiwe, ao mu tundu la mti, ao nyuma ya kichuguu. Anayeshika kitiyo amekwisha kupotea njia ya mchezo.

KUTOKA LUBUMBASHI MPAKA LIKASI

Tulisafiri mwezi wa saba, masomo yakiwa yamekwisha: vijana 12 wa parokia yetu na walezi 3. Ukitoka Lubumbashi asubuhi mu kipwa, beba koti. Wenye kusema ya kwamba Afrika haina baridi hawajalala kwetu mwezi wa saba. Njia ya Likasi ni ya kilometa 120 hivi. Utaona magunia ya makala yamepangwa kando ya barabara, na vichuguu vikubwa sawa nyumba, vingine vya kupita mita 5, miti imeota juu yake. Utapita mto Lufira. Kisha vilima vinaanza kusimama huku na huku, na ndani yao utaukuta mji wa Likasi, ule wazee wanaoita bado Jadotville, jina lake la mbele ya mwaka 1966.

Vijana wa parokia iliyotupokea walikuwa wameficha kisanduku mu kilima kimoja nje ya mji, mbali na viwanja vya kampuni. Namba zake sikuandikii hapa. Anayezitaka aende kwanza kuomba ruhusa kwa shefu wa kijiji cha pale, sawa sisi tulivyofanya.

Mzee yule alitukaribisha chini ya mwembe. Mwanzoni hakufurahi.

— Munaficha nini mule? Feza? Dawa?

— Hapana, papa. Ni daftari na kalamu, na vitu vidogo vya watoto.

— Sasa juu ya nini munaficha kalamu?

Vijana walicheka, naye akacheka. Lakini swali lake lilikuwa la haki. Kwetu kitu kilichofichwa mu pori kinaleta mawazo mabaya: mmoja atasema ni uchawi, mwingine atasema ni mali ya wizi, askari atasema neno lake. Basi tumia kisanduku cha plastiki ya kuonyesha ndani, na juu yake andika wazi: «Mchezo wa vijana wa parokia», pamoja na jina la parokia yenyewe. Mwenye udongo ajue, kiongozi wa kijiji ajue.

Mbele ya kutuacha, mzee alituhesabu kwa kidole, mmoja mmoja. «Kumi na tano. Mangaribi nitawahesabu tena.» Tulifikiri ni uzee. Hatukujua bado.

MSHALE HAUNA MACHO

Wengi wanauliza: bila rezo na bila mega, telefone itaonyesha nini? GPS haiombi uniti. Telefone inapokea tu alama za satelite. Zikiwa ine ao zaidi, inajua mahali ulipo. Lakini ramani inafaa kushushwa nyumbani, mbele ya kuondoka. Na batri inakwisha. Andika namba kwa karatasi pia. Tena ushike jambo hili: kwetu mwezi wa saba, jua la saa sita ya muchana linasimama upande wa kaskazini. Ukilipa mgongo, unatazama kusini. Jua halina batri.

Namba zenyewe si za kuogopesha. Likasi iko karibu na digrii 10 na dakika 59 kusini. Dakika moja kutoka kaskazini kwenda kusini ni kilometa 1,8 na kidogo. Ukiigawanya mara elfu, kila kipande ni mita 2 hivi. Ndiyo maana namba zinaweza kukufikisha mpaka karibu kabisa na jiwe. Lakini telefone inaweza kukosea mita 5 mahali pa wazi, na zaidi chini ya miti. Pale mchezo unaanza kuwa mtamu: unaweka telefone mu mfuko, unatumia macho.

Tulipanda kwa kijia, wimbo mu kinywa. Mshale wa telefone ulisema: mita 60. Kijia chenyewe kilikuwa kinazunguka upande wa kushoto, na kiongozi wetu wa Likasi alikuwa amekwisha kutuonya tusikiache. Lakini kijana mmoja wa mbele, mwenye mbio, alitazama telefone tu, akakata moja kwa moja.

Sikiliza, msomaji, juu hapa kilima kilikuwa kinasema na sisi hatukusikia. Miti ya miombo ilikwisha mara moja. Mbele kulibaki majani mafupi tu. Mu inchi yetu, mahali penye shaba nyingi juu ya udongo miti haioti vizuri. Panaota majani na maua yanayovumilia shaba, kama lile ua dogo la zambarau linaloitwa ua la shaba. Watafuta-madini walisoma vilima kwa alama hizo. Basi na wewe ujifunze kusoma: ukiona pori linakatika hivi, fupisha hatua. Pale kuna shaba, na penye shaba mara nyingi mtu amekwisha kuchimba, wa zamani ao wa juzi.

Nilimwita. Akasimama. Jiwe likateleza chini ya mguu wake, likaingia mu majani na kupotea. Tulisikia ukimya: moja, mbili. Kisha likapiga chini.

Jiwe linaloanguka kwa sekunde mbili linashuka mita 20 hivi, sawa nyumba ya gorofa sita. Mdomo wa shimo ulikuwa wa upana wa kitanda, na majani yalikuwa yameinama juu yake sawa mapazia. Kijana alirudi nyuma polepole, akifuata alama za nyayo zake. Hakuna aliyecheka.

— Nilikuwa ninafuata tu mshale, alisema.

— Mshale hauna macho, mwanangu. Unajua mahali unapokwenda. Haujui njia.

Pale nilielewa hesabu ya mzee. Si mbali na Likasi kuko Shinkolobwe, mahali palipotoka uranium ya bomu za mwaka 1945. Mwanzo wa mwaka 2004 serikali ilikataza kuchimba pale, lakini watu waliendelea, na mwezi wa saba wa mwaka uleule udongo ulianguka, watu 8 wakafa. Kule Kolwezi, mwezi wa sita 2019, udongo ulifunika wachimbaji wa mkono zaidi ya 30. Hawa hawakuwa wajinga. Walikuwa wanatafuta chakula cha nyumba zao, na sitawahukumu mu gazeti hili. Mchezo wa kisanduku haulishi mtu. Lakini unaweza kumfundisha mtoto wetu jambo moja ambalo tamaa haifundishi: kusimamisha mguu.

USHIKE HAYA

1. Omba ruhusa. Usiingie mu kiwanja cha kampuni, hata kama uzio umeanguka. Usipige picha za askari wala za mitambo ya umeme.

2. Nyumbani wajue unakwenda wapi, na nani, na utarudi saa ngapi. Usitembee peke yako. Hesabuni watu mbele ya kwenda, kati ya njia, na kisha kurudi.

3. Fuata kijia, hata kama mshale unaonyesha pengine. Mwenda pole hajikwai.

4. Jicho mbele, mkono nyuma. Usiingize vidole mu tundu ao chini ya jiwe mbele ya kupekua kwa fimbo ndefu. Nyoka na nge nao wanapenda kujificha.

5. Maji ya mashimo ya madini, yale ya kijani yanayopendeza macho, si ya kunywa, si ya kuogea. Na maji yanayotoka kwa viwanda ni vilevile. Beba maji ya nyumbani.

6. Kiangazi ni wakati wa moto wa pori: ukiona moshi, usipande kilima, rudi. Masika ni wakati wa radi, na udongo wa mashimo unalegea. Kwa mchezo huu chagua kiangazi.

7. Ukikuta chuma cha vita, hata kidogo, usikiguse. Rudi kwa nyayo zako, uambie wakubwa.

8. Shuka mbele ya saa kumi ya mangaribi. Kwetu giza halibembelezi mtu.

KISANDUKU

Tulizunguka na kijia. Mita 60 zikawa karibu 300. Kisha tukafika kwa mti mmoja wa zamani, na mlezi wa Likasi akasema: «Sasa macho.» Watoto walitafuta karibu robo saa, wakapekua kwa fimbo, wakabishana, wakashitakiana. Binti mdogo kuliko wote ndiye aliyekiona, nyuma ya mzizi, chini ya jiwe bapa. Kelele alizopiga zilisikika mpaka kijijini.

Ndani mulikuwa daftari, kalamu, kamba ya kuruka, rozari ya mbao, na gari dogo la waya lililotengenezwa na mtoto wa Likasi. Binti alitwaa gari lile, akaacha kitambaa alichokishona yeye mwenyewe. Kila mmoja akaandika jina. Kijana wetu wa mbio aliandika wa mwisho. Nilisoma maneno yake kisha: «Nimefika kwa njia ya kuzunguka.»

Tulirudisha jiwe mahali pake, tukaokota takataka zetu, tukashuka.

Mzee alikuwa bado chini ya mwembe. Alisimama, akanyoosha kidole: mmoja, wawili, watatu. Alipofika kumi na tano akakaa tena, akaomba aonyeshwe lile gari la waya.

Wazazi, tunahubiri mara nyingi juu ya mchungaji aliyekwenda kumtafuta kondoo mmoja. Tunasifu miguu yake. Mimi toka siku ile ninafikiri juu ya jambo alilofanya mbele ya miguu: alihesabu. Kama hangehesabu, hangejua ya kwamba mmoja hayuko. Leo mangaribi, watoto wakirudi, wa masomo na wa mashimo, usiseme tu «wamerudi». Nyoosha kidole, uwahesabu.

Na wewe kijana, mlima ungali pale. Nenda na wenzako, nenda na ruhusa, nenda na fimbo. Kitiyo ukiache nyumbani.