Kiota Kwenye Mpera wa Jirani

Mpera si wangu, ni wa jirani. Naanza na hilo kwa sababu ndilo nililolificha. Tawi lake moja limevuka ua likaingia kwangu, na chini yake nyigu walijenga kiota: kikonyo chembamba kama uzi, kisha vyumba vya kijivu, midomo imeelekea chini.

Mpwa wangu alikitupia jiwe. Nilimwona. Akaumwa kwenye kope, jicho likafura hadi likaziba, nami hasira zangu zote nikazimalizia kwa nyigu. Usiku nilifunga tambara kwenye ufito, nikalichovya mafuta ya taa, nikakichoma. Asubuhi jirani, mama wa rika la mama yangu, akauliza ni nani aliyeunguza mti wake. Nikasema sijui. Kijana anayemchotea maji alikuwa amesimama palepale. Akageukiwa yeye, akafokewa. Nikanyamaza.

Mama huyu alikuwa ameshanionya. "Waache, mwanangu. Hawana neno na mtu." Akaniita nitazame nyigu aliyetua kwenye sukuma wiki. Alikuwa amemshika kiwavi wa kijani, anamtafuna na kumviringisha mpaka akawa kidonge cha nyama, kisha akaruka nacho kiotani. Nyigu mzima hujishibisha kwa maji matamu ya maua; nyama ile hulishwa mabuu. Nilitazama, nikaitikia, nikaenda zangu.

Baada ya moto ule viwavi walijaa kwenye mboga. Mvua nazo zilichangia, sitaki kuukuza uovu wangu kupita kiasi. Lakini wawindaji nilikuwa nimewaua, na nikajikuta napuliza dawa kwenye majani ninayowapikia watoto.

Wala siwezi kusema nilikuwa sijui. Mara ngapi nimewasimulia watu jinsi muhogo ulivyookolewa Afrika! Miaka ya 1970 kidung'ata cha muhogo, mdudu mharibifu aliyetoka Amerika ya Kusini, kiliingia Kongo na kuenea nchi baada ya nchi. Hans Rudolf Herren na wenzake, wakiwa katika taasisi ya utafiti wa kilimo IITA huko Ibadan, Nigeria, walileta kutoka hukohuko Amerika ya Kusini nyigu mdogo mno, asiyemdhuru binadamu, anayetaga mayai ndani ya kidung'ata. Walianza kumwachia mashambani mwaka 1981, na mwaka 1995 Herren akapewa Tuzo ya Chakula Duniani. Habari hiyo naipenda kwa dhati, na bado nilikichoma kiota.

Kiota kikiwa mlangoni, au nyumbani kuna mtu ambaye akiumwa na nyigu, koo hufura na pumzi kubana, kiondolewe, na akiondoe anayejua kazi hiyo. Nyigu haachi mwiba mwilini kama nyuki, kwa hiyo huweza kuchoma tena na tena. Cha kwenye mpera kilikuwa juu, mbali na njia. Kilichotakiwa ni kumkataza mtoto mawe.

Hatimaye nilikwenda. "Shikamoo, mama." "Marahaba." Nikamweleza yote. Akasema harufu ya mafuta ya taa aliisikia usiku uleule, ila hakudhani ni mimi, maana nilikuwa nimemwambia sijui. La mti alinisamehe. La kijana akaniambia nikamalizane naye mwenyewe. Nilimwomba radhi siku hiyohiyo, mbele ya mama. Aliitikia, akabeba ndoo zake. Tangu hapo ananisalimu, lakini kwa mbali.