Kitufe Nilichokizuia

Muhula uliopita Bwana Mkutubi aliniomba nimtengenezee programu ya kuandikia vitabu vinavyoazimwa, kwani daftari lake la karatasi lilikuwa limechakaa. Nikaiandika kwa Python, nikitumia Tkinter kwa ajili ya madirisha. Nalijivuna mno! Jambo moja tu liliniudhi. Kila aliyebonyeza kile kitufe cha mraba kilicho juu kulia, dirisha lilijaa kioo kizima, lakini orodha yangu ilibaki imejikunyata katika pembe ya juu kushoto, na kwingine kote kukawa kijivu kitupu.

Badala ya kutafuta sababu, nikaandika resizable(False, False). Kitufe kikafifia, kisibonyezeke tena. Nikaona kazi imekwisha.

Basi, wiki ya sita mtoto mmoja wa Kidato cha Kwanza akaamriwa kulipa shilingi 12,000 za kitabu alichokwisha kurudisha. Alikuja bwenini analia, maana fedha hizo ndizo zilizokuwa nauli yake ya kwenda kwao. Nikaenda maktaba.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hebu tazama, namba hii ni 4127 au 4172? Nataka kuikuza, kitufe chako hakisikii."

Ilikuwa 4172. Yeye alikuwa amepokea kitabu hicho na kuweka alama kwenye 4127. Macho yake ni ya mtu wa miaka hamsini na minane. Yangu ni ya kumi na sita.

Jioni ile nalikirudisha kitufe. Nikafahamu kwamba dirisha hukuzwa na Windows yenyewe. Programu hupewa tu habari ya upana na urefu mpya, nayo yapasa ijue la kufanya. Safu isiyopewa weight haipati hata chembe ya nafasi iliyozidi. Nikaipa orodha weight ya 1, nikaweka sticky ya "nsew" ili inyooke pande zote nne, kisha nikatumia tukio la Configure ili herufi zikue kutoka 11 hadi 20 dirisha lijaapo. Mistari michache tu! Mwisho nikaongeza state("zoomed"), lifunguke likiwa limejaa tangu mwanzo.

Bwana Mkutubi alilifuta deni mwenyewe. Mimi nalikwenda kumwomba radhi yule mtoto.

"Kaka," akauliza, "kwa nini ulikizuia?"

Nikamwambia kilikuwa kinaharibu sura ya kazi yangu. Hakunijibu.

— Mwanafunzi, Kidato cha Tatu