Barua kutoka Maskati: Aliyebaki Naye Yuko Kazini

Jamaa zangu wa Malindi, Mambrui na Ngomeni,

Mume wangu yuko jangwani tena. Ni mpima ardhi katika kikosi kinachotafuta mafuta upande wa Rub' al Khali, na kazi yao ni ya kuhama. Yeye na wenzake hutangulia kuweka alama mchangani. Nyuma yao huja malori mazito yenye bamba la chuma chini ya tumbo. Bamba hushushwa, likaitetemesha ardhi, na vipokezi vilivyotandazwa hunasa mwangwi unaorudi kutoka miambani. Eneo moja likiisha, kambi nzima hung'olewa ikasogezwa mbele. Kuna siku simu hushika, kuna siku haishiki kabisa. Kuanzia Juni hadi Agosti sheria ya Oman inakataza kazi za juani baina ya saa sita na nusu na saa tisa na nusu mchana, na saa hizo ndizo ninazotazamia sauti yake.

Wengi mnaniuliza nafanya nini huku peke yangu na watoto. Nashukuru kwa huruma yenu, ila swali lenyewe hunionyesha kama mtu aliyekaa kitako akingoja. Mimi ni mtoto wa Ngomeni, na nilimwona mama yangu.

Dago, ule uvuvi wa kuhamia pwani za mbali, mnalijua. Msimu wa kaskazi, bahari ikilainika, wavuvi wa Pemba walikuwa wakija kupiga kambi kwetu, na Mayungu, na Watamu, miezi kwa miezi. Wakati huohuo baba na wenzake walikuwa wakitweka kuelekea Kipini na visiwa vya Lamu. Pwani yetu ikajaa waume wa wanawake wengine, na waume wetu wakawa kwa watu. Mama alikuwa mama karanga. Alfajiri aliteremka ufuoni kununua samaki kwa Wapemba hao, akawakaanga, jioni akawauza kando ya njia. Pesa aliyoitoa ilikwenda kuwa masurufu ya nyumba fulani huko Pemba, na samaki yuleyule akatulisha sisi. Naamini huko Kipini samaki wa baba walikaangwa na mama mwingine ambaye hatukumjua wala hakutujua. Likitajwa dago, watu humtaja nahodha, mashua na nyavu. Wanawake wa pande zote mbili hawatajwi, na bila wao hakuna tanga ambalo lingepanda.

Mama alihakikisha paa limeezekwa makuti kabla ya masika. Alitupeleka Malindi hospitali usiku tulipopandwa na homa. Hayo yote aliyamudu. Kilichomtesa ni kwamba masurufu yaliachwa mkononi mwa mtu mwingine wa ukoo, akawa kila unga ukiisha huenda kubisha mlango wa watu na kueleza umeishaje. Mtu mzima, mama wa watoto, akiomba cha kwake! Tena hakuna aliyemwambia baba atarudi lini. Ilibidi awaulize wapita njia: mmemwona? Hajambo? Yuko mashua ya nani?

Masheikh wetu husimulia kisa cha Sayyidna Umar bin Khattab, aliyemsikia mwanamke usiku akilia kwa upweke, mumewe yuko vitani. Umar alikwenda kumuuliza bintiye, Hafsa, mke anaweza kustahimili muda gani bila mumewe. Riwaya moja yasema alijibiwa miezi minne, nyingine yasema sita. Akaamuru askari wasizuiliwe kupita muda huo. Kinachonigusa mimi ni kwamba khalifa alikwenda kumuuliza mwanamke, kisha akaigeuza hali ya jeshi zima kwa jibu lake.

Wala wanaoondoka si waume peke yao. Palepale Ngomeni, mwaka 1970, alikuja mhandisi wa NASA, Marjorie Townsend, mama wa watoto wanne wa kiume, kusimamia setelaiti iliyorushwa tarehe 12 Desemba kutoka jukwaa la San Marco baharini. Kwa kuwa siku hiyo Kenya ilitimiza miaka saba ya uhuru, setelaiti ikapewa jina Uhuru. Na leo ni wangapi wa Kilifi walio jikoni mwa watu Saudia, wakiwa wamewaachia waume na mabibi watoto wachanga? Mwanamume aliyebaki na watoto hao naye anastahili kuheshimiwa, asichekwe pale barazani.

Sisi wawili tulikubaliana kabla hajaenda kambini kwa mara ya kwanza. Mshahara huingia mahali ninapoweza kuufikia. Jambo la shule au la hospitali naamua mimi, yeye huelezwa baadaye. Tarehe ya kurudi tunaijua sote, na ikisogezwa, mimi ndiye wa kwanza kuambiwa. Upweke haukuondoka kwa hayo. Usiku wa Maskati ni mrefu, na hapa hakuna jirani wa kuniletea mahamri asubuhi. Ila fedheha ile ya mama sijaionja.

Huko nyumbani, tangu M-Pesa ianze mwaka 2007, hakuna tena sababu ya pesa ya mke kupitia kwa shemeji. Na bado nasikia inapita huko, kwa jina la heshima ya ukoo. Ukoo utaheshimika zaidi ukienda kumjulia hali huyo mke, ukamwachia pesa zake.

Basi wazee wangu, mtakapoitwa tena kumsomea dua kijana anayesafiri, awe anakwenda dago au Ghuba, muulizeni mbele ya mkewe kabla ya fatiha: masurufu atayapokea nani, na wewe unarudi mwezi gani?