Binti alipotakiwa kumwelezea baba yake kwa Kiingereza

Mtoto akishamaliza mtihani wa darasa la saba mwezi Septemba, nyumba nyingi za mjini hazimpi nafasi ya kupumzika. Kabla Januari haijafika anatakiwa awe amepita ‘pre-form one’, kwa sababu kwenye shule za msingi za Serikali masomo karibu yote yalikuwa kwa Kiswahili na huko sekondari anakokwenda ni Kiingereza. Wazazi wanalipa tuisheni, wananunua kamusi, kisha wanakaa kusubiri mtoto aanze kuongea.

Moja ya mazoezi ya mwanzo huwa ni kusimama mbele ya wenzako na kumwelezea mtu unayemfahamu. Dakika mbili, bila kusoma kwenye daftari. Ni zoezi linaloonekana jepesi. Kwa binti mmoja wa Mbagala, Dar es Salaam, mwenye miaka 13, lilichukua siku tisa.

Kwanza alitaka kumwelezea rafiki yake. Mwalimu akasema hapana, awe mtu wa nyumbani. Mama yake akamwambia, bila kufikiri sana, “Si umwelezee baba yako?” Binti akanyamaza.

Baba huyo ana miaka 46. Alikuwa konda wa daladala za Mbagala kwenda Kariakoo, mpaka miaka miwili iliyopita alipopata kiharusi asubuhi moja akijiandaa kwenda kazini. Shinikizo la damu lilikuwa juu na hakuwa akilijua. Mkono na mguu wa kulia vilidhoofika, na maneno yakapungua. Leo anasema “ndiyo”, “hapana”, majina ya watoto wake, na maneno machache mengine ambayo hutoka siku yakitaka.

Hapa pana jambo ambalo familia nyingi hazielezwi vizuri zinapotoka hospitali. Kwa watu wengi, sehemu ya ubongo inayoshughulika na lugha iko upande wa kushoto, upande huohuo unaoendesha mkono na mguu wa kulia. Ndiyo maana mtu anaweza kupooza kulia na kupoteza maneno kwa pamoja. Kupoteza maneno si kupoteza akili. Baba huyu anafuatilia mpira, anajua bei ya unga, na anasikia kila kinachosemwa upande wa pili wa pazia.

Binti alifungua kamusi kuukuu ya ndugu yake, akatafuta ‘kilema’, akaandika neno alilolikuta. Jioni akaanza kukariri kwa sauti: “My father is a cripple. She is black. She has 46 years.”

Mama, aliyeishia darasa la saba, alifurahi kusikia Kiingereza ndani ya nyumba yake. Baba alifika kidato cha pili. Neno lile alikuwa analijua. Aligeukia ukutani, na usiku ule hakula.

Sababu ilijulikana keshokutwa yake, kliniki, walipompeleka kwenye mazoezi tiba. Mama alimsimulia mtaalamu kwamba mgonjwa amesusa chakula na kwamba yote yalianza binti alipokuwa akisoma. Mtaalamu akamwomba binti arudie alichosoma. Hakumgombeza. Alimwambia tu kwamba neno lile zamani liliandikwa hata kwenye vitabu, lakini leo kwa wenye lugha yao ni tusi. “Sema baba alipata kiharusi,” alisema. “‘He had a stroke.’ Hilo ni jambo lililompata. Usiseme ndiyo yeye.”

Kiswahili nacho kimehama hapo. Neno ‘kilema’ limeachiwa nafasi na ‘mtu mwenye ulemavu’, na waliokuwa wakilisema bila ubaya wamejizoesha. Kamusi ya mwaka fulani haiwezi kumwambia mtoto neno lipi limeshaoza. Hiyo ni kazi ya mtu mzima aliye karibu, na mtu mzima huyo si lazima ajue Kiingereza. Anaweza kuuliza.

Makosa mengine ya binti yalikuwa mepesi, na wazazi wasiyachukulie kama uzembe. Kumwita baba ‘she’ si ujinga. Sisi tukisema “amekuja” hatujasema kama ni mwanamume au mwanamke. Ile ‘a’ inawabeba wote. Mtoto aliyekulia katika lugha hiyo anaanza kulazimika kufikiria jinsia ya mtu kila anapofungua kinywa, tena kwa kasi ya kuongea. Itateleza, na itateleza miezi kadhaa. Kumcheka kunaongeza muda. Vivyo hivyo kuhusu umri: sisi tuna miaka, Waingereza ‘wako’ miaka. Na baba mdogo, anayelipa ile tuisheni, aligeuka kuwa ‘my small father’ mpaka mwalimu aliposema ni ‘uncle’ tu, sawa na mjomba, sawa na mume wa shangazi.

Kigumu kilikuwa kujua cha kusema. Sentensi zilipokwisha kunyooshwa, baba alibaki mrefu, mwembamba, mweusi. Mama alisikiliza akatafsiriwa, akauliza, “Sasa huyo ni baba yako au ni nguzo ya umeme?”

Swali hilo lina maana kuliko linavyosikika. Watoto hufundishwa kuanza na urefu, unene na rangi, kwa kuwa hayo ndiyo maneno yaliyo mwanzoni mwa vitabu. Lakini nyumbani kwetu nani anamwelezea mtu hivyo, isipokuwa amepotea na anatafutwa? Tunasema ana mkono wa birika, ana mdomo, ana roho nyeupe. Tunasema alichofanya. Tena ‘mnene’, ambalo huku bibi anaweza kulipokea kama sifa, likivuka kwenda Kiingereza linafika likiwa limechubuka. Na nahau zetu hazivuki kabisa: mwambie Mwingereza kwamba jirani yako ana mkono mrefu, atadhani unasifia umbo.

Mama akamwambia binti aweke kalamu chini, amsikilize kwa Kiswahili kwanza. Akamsimulia walivyokutana. Alipanda daladala akitokea Kariakoo, akatoa noti, gari likajaa, akashuka Rangi Tatu bila chenji yake. Konda aliruka chini, akamkimbilia mpaka kwenye meza za samaki, akampa shilingi 200. “Siku zote za ukonda wake,” mama alisema, “baba yako hakusahau chenji ya mtu.”

Binti hakuwahi kuisikia hadithi hiyo. Huko nyuma ya pazia baba alikuwa akicheka, kicheko chake cha siku hizi kinachoanzia upande mmoja wa mdomo.

Walichofanya siku zilizofuata mzazi yeyote mwenye simu anaweza kukifanya. Binti alisimulia kwa Kiswahili, akajirekodi, akasikiliza, akachagua mambo matatu tu. Kisha akayatafutia maneno mepesi ya Kiingereza anayoweza kuyasema bila kukariri. Kabla ya kwenda darasani alimsomea mwenyewe anayeelezwa, polepole, sentensi moja moja. Penye kosa la ‘she’ baba alinyanyua kidole cha mkono wa kushoto. Penye kiharusi alitikisa kichwa kukubali. Mtaalamu wa kliniki alipopata habari alisema waendelee, kwa kuwa na yeye baba anahitaji mazungumzo ya taratibu kama hayo kila siku.

Darasani alisema baba yake alikuwa konda, kwamba hakusahau chenji ya mtu, kwamba alipata kiharusi na sasa anajifunza maneno upya, “like me”. Alisema ‘she’ mara moja, akajirekebisha mwenyewe.

Jioni baba mdogo alipiga simu kutoka Morogoro kuuliza zoezi limekwendaje, na kama na yeye ametajwa.

“Umetajwa, baba. Nimesema ‘uncle’ ndiye anayelipa ada.”

“‘Uncle’ tu?”

“Ndiyo, baba. Hawana lingine.”

“Basi wiki ijayo,” akasema, “unielezee mimi.”